Kanuni Iliyosomwa Barazani

Mwenyekiti alikataa mashine iwashwe kabla kanuni zake hazijasomwa kwa sauti mbele ya watu. Si kwamba aliogopa mashine. Alikuwa akiongoza kikundi cha akina mama wanaosimamia kisima kirefu nje kidogo ya mji wa Kakuma, upande wa wenyeji, na kwake yeye kitu chochote kinachogawa maji ni lazima kiseme hadharani kinayagawa vipi. Zamu za mifugo zilisomwa. Adhabu za kuvunja zamu zilisomwa. Basi na kisanduku changu, chenye kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni, nacho kilitakiwa kisomewe watu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ndiyo sababu niliandika programu ya pampu kwa lugha ya kompyuta ya familia ya Lisp, ambayo inamruhusu mtu kuunda maneno yake mwenyewe na kuyafanya yawe sehemu ya lugha. Nilisimama nikasoma kutoka kwenye laptopu, nikiruka mabano: “Zima pampu kama kina ni chini ya thelathini.”

“Thelathini ya nini?” akauliza mzee mmoja aliyekaa juu ya ekicholong, kile kigoda cha wanaume.

“Sentimita. Za maji yaliyo juu ya pampu, huko chini.”

“Na nani anaingia huko kupima?”

“Kuna kipimo kinaning'inia kwa waya.”

“Hiyo waya iko na macho?”

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamgeukia. “Wacha fundi asome. Wewe hata mbuzi zako unahesabiwa na bibi.”

Wakacheka zaidi, kanuni ikapita. Nilisoma na nyingine: pampu iwake jua likitosha na tangi likiwa halijajaa, na ikizimwa kwa sababu ya kina, ipumzike saa mbili ndipo ijaribu tena. Hapakuwa na aliyepinga. Nikawasha swichi, maji yakapanda.

Mimi ni fundi wa sola mjini Lodwar. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na mengine yote nimeyapata kwa kusoma miongozo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka, hata kurasa ambazo sikuzielewa. Kompyuta nilianza nazo nikiwa na mvi tayari. Lugha hii niliichagua kwa sababu mbili. Mwongozo wake wote unaingia kwenye laptopu na kusomeka bila mtandao. Halafu inajibu. Unaandika mstari mmoja, inakupa jibu, inangoja mwingine. Mtu asiye na mwalimu anahitaji kitu cha kumjibu.

Kwa miezi kadhaa kisanduku kilifanya kazi bila neno. Kisha mvua ikakawia, visima vya karibu vikashuka, mifugo ikaanza kusogea kutoka mbali. Asubuhi moja simu ikalia nikiwa juu ya paa la duka, nafunga paneli.

“Fundi, ejok?” mwenyekiti akanisalimu kwa Kiturkana.

“Ejok-noi, mama.”

“Pampu yako inakunywa hewa.”

“Inakunywa hewa namna gani?”

“Inakohoa kama ngamia mgonjwa. Maji inatoka, halafu inatema, halafu hakuna. Mimi nimezima na mkono. Wewe ulisoma hapa mbele ya watu eti itajizima.”

Nilishuka. Pampu ya aina ile hupozwa na maji yanayoizunguka, na ikizunguka ndani ya hewa huungua upesi. Ikiungua hakuna nyingine. Mtambo wa kuivuta kutoka chini haupo Kakuma wala Lodwar, na kikundi kilikuwa kimengoja miaka kupata ile moja. Wakiikosa watarudi kuchimba mchangani, kwenye mto mkavu, katika kipindi kile ambacho maji ya mchangani yako mbali zaidi.

Najua kuchimba huko. Nilizaliwa pande za Nakalale, na kiangazi kikikaza mama zetu walichimba shimo mtoni hadi mtu akazama mara tatu ya urefu wake. Ukutani waliacha vidato, kila kidato na mtu wake. Aliye chini kabisa alichota kwa karai, akampa aliye juu yake, naye akampa wa juu, hadi kwenye hori la mbuzi. Mimi nilisimama kidato cha pili kutoka chini. Karai lilinifikia kutoka gizani na kuondoka kuelekea kwenye mwanga. Sikumwona anayechota wala mnyama anayekunywa. Nililoliona ni karai tu, na kama lilikuwa na mchanga ni mimi niliyejua kwanza.

Nilifika Kakuma adhuhuri. Mwenyekiti alikuwa ameweka kiti cha plastiki chini ya paneli, karibu na swichi. Aliwasha pampu, akasikiliza, ikianza kukohoa akazima. Kazi ambayo kisanduku changu kilipewa barazani aliifanya yeye kwa masikio. Foleni ya mitungi ilikuwa ndefu, na kila alipozima, maneno yalimjia kutoka foleni.

“Wanasema nimenunuliwa,” akaniambia. “Eti nafungia watu maji ili wenye bozaa, zile lori za maji, wauze.”

“Nipe hadi kesho.”

“Kesho niko hapa. Kesho kutwa niko na matanga ya ndugu yangu huko Kainuk, lazima niende. Hii swichi sitaachia mtu. Kama mashine yako haijapona, nitazima kila kitu na nifunge mlango, watu wachimbe laga, huko mtoni. Heri wachimbe sasa wakirudi wapate pampu iko hai.”

Hakuwa anatisha, alikuwa anapanga. Nikatoa kadi ya kumbukumbu kwenye kisanduku, nikachukua na kipimo cha akiba nilichokuja nacho, nikaenda kwenye kambi ya wakimbizi, kwa rafiki yangu.

Rafiki huyu alikuwa mwalimu wa hesabu huko Kivu kabla vita havijamtoa. Sasa anatengeneza simu katika kibanda cha mabati, mkabala na kanisa ambalo kwaya yake hufanya mazoezi mchana. Tulijuana kwa sababu ya nyaya za sola, tukazoeana kwa sababu ya lugha hii, ambayo nilimwonyesha naye akaichukua kama mtu aliyekuwa akiingoja. Mimi namwita Mwalimu. Yeye ananiita Papa Fundi, ingawa ananizidi umri.

Nilimweleza. Akajaza ndoo maji, akaiweka juu ya benchi.

“Tuanze na kipimo,” akasema. “Kama kipimo iko mubaya, tunalala mapema.”

Nikaunganisha kipimo na laptopu, nikakitumbukiza ndani ya ndoo, nikaandika neno langu: kina. Ikajibu ishirini na mbili. Nikainua kipimo kidogo. Kina? Kumi na tano. Nikakitoa kabisa. Sifuri. Kisha nikaandika kanuni yote kama ilivyosomwa barazani, kipimo kikiwa nje ya maji. Ikajibu kwamba pampu izimwe. Nikakirudisha ndani, nikakisukuma hadi chini, nikabadilisha thelathini kuwa kumi ili ndoo itoshe. Ikajibu kwamba pampu iendelee.

Mwalimu akakuna shingo. “Kila mara unamuuliza, anasema kweli.”

“Kila mara.”

“Hata mwizi, mbele ya jaji, iko vile vile. Muulize bila yeye kujua.”

Alisema kwa mzaha, lakini ilinikumbusha jambo nililokuwa nimelisoma kwenye mwongozo na kulipita kwa sababu sikuwa na matumizi nalo. Programu haifanyi kazi kama ilivyoandikwa. Kuna kompaila, yaani programu nyingine inayochukua maandishi ya mtu na kuyashusha hatua kwa hatua mpaka yawe amri ndogo ndogo ambazo mashine inazifuata. Katikati ya safari hiyo kuna lugha ya kati. Si ya mtu kuandika, si ya mashine kutekeleza. Ni ya kompaila kujisemea. Na lugha hii ninayoitumia ina hisani moja: ukiiomba, inakuonyesha. Unaipa kanuni yako, unaiambia isifanye kazi, ionyeshe tu imeielewa vipi, katika kila kidato.

Nikafungua faili nzima ya kisima, kama laptopu ilivyoihifadhi pamoja na vidato vyake siku nilipoishusha Lodwar, nikaomba kidato cha chini zaidi kinachosomeka, pale kompaila inapokuwa imekwisha kupunguza yasiyo na maana.

Tukasoma pamoja. Maandishi yalikuwa marefu na yenye kujirudia, lakini si magumu. Kila kitu kinatajwa kwa ukamilifu: hapa ita kazi fulani, hapa weka namba fulani, hapa chagua kati ya njia mbili. Kanuni ya jua ilikuwepo. Kanuni ya tangi ilikuwepo. Mwalimu alifuata mistari kwa ncha ya bisibisi bila kugusa kioo, akafika mwisho, akarudi juu.

“Papa Fundi, ile ya kuzima iko wapi?”

Nilidhani amepitiwa. Nikasoma mwenyewe, taratibu, kila bano. Haikuwepo. Si kwamba ilikuwa na kosa. Haikuwepo kabisa. Kanuni iliyosomwa mbele ya watu na kupitishwa, kile kisanduku hakikuwahi kuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Nje, kwaya ilikuwa imekwama kwenye ubeti mmoja, sauti ya tatu ikiingia kabla ya wakati, na kiongozi akiwarudisha mwanzo kwa Kifaransa.

“Nani amekula?” Mwalimu akauliza.

“Tupande kidato kimoja.”

Nikaomba lugha ya kati ya siku ile ile, kabla ya kupunguzwa. Hapo tukaiona. Nikiigeuza kwa maneno yetu ilisema hivi: ikiwa themanini na nne ni ndogo kuliko thelathini, zima pampu.

Mwalimu ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi cha puani.

“Kompaila iko na akili. Themanini na ine haiwezi kuwa chini ya thelathini, leo, kesho, hata Yesu arudi. Basi akatupa. Hata miye ningetupa.” Kisha akaacha kucheka. “Lakini themanini na ine imetoka wapi? Kwa kisima?”

“Si ya kisima,” nikasema. “Ni pipa.”

Nyumbani kwangu Lodwar kuna pipa la bluu la kuwekea maji. Nilipokuwa nikitengeneza programu hii nililitumia kama kisima cha majaribio. Nilitumbukiza kipimo humo, nikapima pia kwa rula, nikaridhika kwamba vinakubaliana: pipa likijaa, sentimita themanini na nne. Siku ile nilipomaliza, pipa lilikuwa limejaa, kipimo kikiwa bado ndani. Kompyuta ndogo ya kisanduku inashusha programu polepole mno, kwa hiyo nilishusha kila kitu kwenye laptopu, pale pale kando ya pipa, nikabeba matokeo kwenye kadi hadi Kakuma.

Sasa ilinipasa kuelewa. Neno “kina” nilikuwa nimeliunda kwa kinachoitwa makro. Makro ni agizo kwa kompaila: ukikutana na neno hili, liondoe, weka badala yake kitakachotoka hapa. Mimi nilitaka iweke badala yake agizo la kupima. Nilivyoiandika, ilipima. Ilikwenda yenyewe kwenye kipimo, wakati wa kushusha, ikasoma maji yaliyokuwepo, ikarudi na namba, ikaipachika pale kama mtu anavyopiga msumari. Kutoka hapo kisima cha Kakuma kilikuwa na maji ya pipa la Lodwar, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwalimu hakuridhika. “Lakini hapa kwa ndoo namba ilibadilika.”

Ndilo swali nililokuwa nikijiuliza. Jibu tulilipata kwa kuandika neno lile lile tena, safari hii tukiomba tuonyeshwe tu. Kina: ishirini na mbili, namba tupu. Nikainua kipimo. Kina: kumi na tano, namba tupu. Kila nilipoandika mstari, kompaila iliushusha upya, makro ikapima upya, na mimi nikaona jibu sahihi. Majaribio yangu yote, kule Lodwar na hapa, yalikuwa ya mtu anayeuliza mwenyewe, mstari kwa mstari. Programu ya kisima haikuwa na mtu wa kuiuliza. Ilishushwa mara moja, ikaachiwa jibu moja.

Sikutengeneza hapo hapo. Nina mazoea, na Mwalimu anayajua na kuyacheka, ya kutogusa kitu mpaka nijue kinatakiwa kiwe vipi kikiwa kizima. Mwongozo ulisema unaweza kubadilisha lugha ya pale unapoandikia, ukamwandikia kompaila moja kwa moja kwa lugha yake ya kati. Nikafanya hivyo. Nikaandika kanuni ya kuzima kwa mkono, kwa lugha ile ya kujisemea, mahali pa namba nikiweka mwito wa kwenda kupima. Ilinichukua muda, maana lugha hiyo haikubali kitu kidokezwe. Kisha nikamwomba kompaila aipunguze. Haikupungua. Hakuweza kujua kipimo kitasema nini, kwa hiyo hakuthubutu kuitupa.

“Hii ndiyo sura yake,” nikasema. “Sasa makro itoe hii.”

Nikarekebisha makro. Tukaomba tuonyeshwe, vidato viwili, na kanuni ikabaki katika vyote viwili.

“Sasa tumalize,” akasema Mwalimu.

“Bado. Chomoa kipimo.”

“Kwa nini?”

“Kama inapima wakati wa kushusha, itakwama.”

Akachomoa. Nikashusha kwanza programu ya zamani, ikalalamika kwamba haikioni kipimo na kukataa kuendelea. Nikashusha mpya, ikapita kimya. Mwalimu akatikisa kichwa.

“Siku ya kwanza ungeshusha bila pipa, ingekuambia.”

“Ingeniambia.”

“Ulituma kompaila kwa kisima, akakuta pipa karibu, akasema, Papa, mimi sitembei mpaka Kakuma.” Akanirudishia waya. “Nenda. Yule mama atakuwa amechoka kusikiliza.”

Kesho yake asubuhi nilirudisha kadi kwenye kisanduku, sasa ikiwa na programu mpya. Mwenyekiti aliniuliza ni nini kilichokuwa kimeharibika, nikamweleza bila kupunguza, kwa sababu alikuwa na haki ya kujua na kwa sababu yeye ndiye aliyesemwa vibaya na foleni nzima. Nilieleza pipa, nikaeleza namba. Makro sikuitaja, nilisema aliyetumwa kuleta habari za maji alizileta mara moja, za mahali pengine, na kisanduku kikaziamini hadi leo.

Akacheka mpaka akashika goti.

“Ati sisi hapa wote, na mbuzi, na ngamia, tunakunywa kutoka pipa ya nyumba yako?”

“Kisanduku kiliamini hivyo.”

“Bibi yako alijua?”

“Hakujua.”

“Angetukujia na fimbo.” Akafuta macho kwa ncha ya shuka. “Sasa imepona?”

“Nimeona kwa maandishi imepona. Kwa maji sijaona.”

“Basi tukae tuone. Na mkono wangu iko hapa hapa kwa swichi.”

Tukakaa. Jua lilipanda, pampu ikawaka yenyewe, tangi likaanza kupokea. Kwenye laptopu niliona kina kikishuka kadiri pampu ilivyovuta haraka kuliko kisima kinavyojaza. Sikumwambia namba. Yeye hakuangalia kioo, aliinamisha kichwa kuelekea bomba. Mchana ulipopinduka sauti ilianza kuwa nyembamba, bado si kikohozi. Nikaona vidole vyake vimekaza kwenye swichi. Kina kilikuwa thelathini na moja. Nilitaka kumwambia angoje, nikajizuia; kama ilihitaji niseme, ilikuwa bado haijapona.

Pampu ikazima.

Mwenyekiti aliinua mkono kutoka kwenye swichi akautazama, mbele na nyuma, kama anayehakikisha kwamba si yeye. Tukasikia nzi, tukasikia mtu akikohoa kambini, ng'ambo.

“Imejizima,” akasema.

“Imejizima.”

“Kesho naenda Kainuk.”

Kisha kelele za watu zikaanza kule bombani. Foleni ilikuwa bado ndefu, tangi lilikuwa limekwisha maji, na sasa maji yasingepanda kwa saa mbili. Mitungi ilianza kugongwa. Mtu akamwita mwenyekiti kwa cheo chake, kwa Kiturkana, na lile lililofuata sitalitafsiri. Mwenyekiti alikaa vizuri kwenye kiti chake, akanyoosha miguu.

“Siku zote nazima na mkono, wananitukana mimi,” akasema. “Leo si mimi. Enda uwaambie.”

Nikaenda. Sikuwa nimefikiria sehemu hii. Kazi yote ile, vidato vyote vile, ilikuwa ili watu hawa waambiwe hakuna maji kwa sasa, na iwe kweli. Aliyekuwa mbele ya foleni alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, mtungi wake umejaa robo tu.

“Nani amefunga?”

“Hakuna aliyefunga. Ni ile kanuni iliyosomwa barazani. Kina kimefika chini ya thelathini.”

“Thelathini ya nini?”

“Sentimita. Maji yaliyo juu ya pampu.”

Akanitazama, akatazama paneli, akamtazama mwenyekiti aliyekaa mbali na swichi, mikono mapajani.

“Na itarudi?”

“Baada ya saa mbili. Kisima kinajaza.”

Akamwaga ile robo kwenye mtungi wa bibi kizee aliyekuwa nyuma yake, akaulaza wake mtupu mchangani, akakaa juu yake. Kisha akasogea kidogo kunipa nafasi.

“Basi kaa,” akasema. “Ungoje na sisi.”